Haki ya Jamaa Aliyeunguliwa na Nyumba

Imepokewa katika vitabu viwili vikuu vya Hadithi, cha Bukhari na cha Muslim, kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari, kwamba usiku mmoja nyumba katika mji wa Madina iliungua hali wenyewe wamo ndani. Na habari zao zilipomfikia Mtume, rehema na amani zimshukie, hakusema neno juu ya dhambi za wenye nyumba, wala juu ya ghadhabu ya Mwenyezi Mungu, bali aliwaambia masahaba zake kuwa moto ni adui yao, basi wauzime waendapo kulala. Nimeyatafakari mapokezi hayo mara nyingi, kwa sababu naona ndani yake mna adabu ambayo sisi watu wa pwani, pamoja na sifa zetu zote za ustaarabu, huisahau upesi sana siku ya msiba wa namna hiyo. Maiti zilikuwapo, na huzuni ilikuwapo. Lakini aliyekuwa na haki kuliko mtu yeyote ya kusema habari za ghaibu alisema habari za taa.

Kwetu mambo huenda vingine. Jivu halijapoa, nao watu wamekwisha kulichakura kwa ndimi zao: fulani alikula mali ya yatima, fulani alijenga kwa kujionyesha, kijicho kikamshukia, fulani hakutoa zaka miaka yote ile, fulani aligombana na mamaye. Wasemao hivyo si wote wabaya wa nyoyo. Wengi wao huogopa, na mwenye hofu hupenda kuamini kuwa balaa ina anwani, kwamba imemwendea jirani kwa sababu iliyo kwa jirani, na kwa hiyo haina njia ya kuja kwake. Lakini faraja hiyo hununuliwa kwa heshima ya mtu aliyekwisha kupotewa na kila kitu isipokuwa heshima, na mimi siioni kuwa ni faraja iliyo halali.

Kisa cha Nabii Ayubu kinatosha kuwa hoja. Kurani imekitaja kwa ufupi, katika Sura ya Manabii na katika Sura ya Sad, nayo Biblia imekisimulia kwa urefu katika kitabu kizima kiitwacho kwa jina lake, ambamo twasoma kuwa moto ulishuka ukateketeza kondoo zake pamoja na watumishi, na upepo mkuu ukaipiga nyumba waliyokuwamo wanawe ikawaangukia. Rafiki zake watatu, Elifazi na Bildadi na Sofari, walikuja wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku, na hakuna aliyemwambia neno, maana waliona jinsi maumivu yake yalivyo makubwa. Siku saba hizo walikuwa rafiki wa kweli. Upungufu wao ulianza walipofumbua vinywa wakaanza kumthibitishia kwa hoja baada ya hoja kuwa hapana adhabu bila ya kosa. Na mwisho wa kitabu hao ndio waliokasirikiwa na Mungu, si yule aliyelalamika.

Lipo jambo jingine katika mlango wa mwisho wa kitabu kile ambalo wasomaji wengi hulipita mbio, nami nawaomba wasimame nalo kidogo. Imeandikwa kwanza kwamba Mungu alimrudishia Ayubu mali yake mara mbili. Imeandikwa mwishoni hesabu ya mali hiyo: kondoo 14,000, ngamia 6,000, jozi 1,000 za ng'ombe, na punda 1,000. Katikati ya ahadi na hesabu, pahali ambapo jicho lenye haraka haliangalii, imeandikwa kuwa walikuja ndugu zake wote, wanaume kwa wanawake, na wote waliokuwa wakijuana naye hapo kwanza, wakala chakula pamoja naye katika nyumba yake, wakamtuliza moyo, na kila mmoja wao akampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Basi mali ya Ayubu haikudondoka kama mvua. Sehemu yake ilikuja katika mikono ya jamaa, kipande kwa kipande, na aliyeiandika habari hiyo hakuona kuwa mikono ile imepunguza fadhila ya Mungu hata kidogo. Mtu akiniuliza Mola yu wapi nyumba inapoungua, jibu nililo nalo ni kumwonyesha aya hiyo, kisha nimwulize yeye pete yake iko wapi.

Nasema haya kwa kuwa mambo hayo yalitufikia sisi wenyewe. Ndugu yangu, tuliyechangia baba, alikuwa na nyumba ya udongo na makuti huko Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, nayo iliungua katika msimu wa kaskazi, wakati ambapo jua la miezi kadhaa limeyakausha makuti hata yakawa yanavunjika yakiguswa, na cheche moja ya jiko la uani, ikichukuliwa na upepo, yaweza kuvuka nyumba mbili ikaangukia ya tatu. Maji ya visima hayafui dafu mbele ya moto wa makuti, na watu wa huko walijua. Wengine walileta pondo za vyombo na ngoe za kuangulia matunda, wakaezua paa la jirani aliyekuwa upande wa chini ya upepo, ili moto ukose njia. Na kwa hivyo mtaa ukaokoka. Palipopambazuka viambaza vya ndugu yangu vilikuwa vimesimama bado, lakini fito na nguzo zilizokuwa ndani ya udongo zilikuwa makaa matupu, na ukuta wa namna ile ukiuegemea huanguka.

Juu ya yule jirani aliyeezuliwa paa nitasema neno moja, maana husahauliwa katika visa vyote vya moto. Kaida ya fikihi yasema kuwa dhara ya mmoja huvumiliwa ili kuondoa dhara ya wengi, na kwa kaida hiyo paa lake lilishushwa kwa haki. Lakini ipo kaida ya pili, isemayo kuwa dharura haibatilishi haki ya mtu mwingine, na kwa hiyo makuti yake yalikuwa deni. Wazee wa Bweni walianza na paa lake kabla ya kuweka hata nguzo moja ya nyumba ya ndugu yangu. Hapana aliyenung'unika.

Sasa, msaada tuutoao kwa jamaa wa namna hii ni kitu gani? Je, ni hisani, ambayo mtoaji akipenda atatoa na asipopenda ataacha, au ni haki iliyo katika mali yetu tangu kabla ya moto? Swali hili si la maneno tu, kwa sababu mtu hutoa kwa namna moja akijiona mfadhili, na kwa namna nyingine kabisa akijiona mdeni. Sharia, kwa nionavyo, imekwisha kulijibu, na jibu lake ni kali kuliko tulivyozoea. Kabisa bin Mukhariki alipomwendea Mtume kuomba, aliambiwa kuwa kuomba hakumhalalikii mtu ila mmoja wa watu watatu, na mmoja katika hao ni yule aliyepatwa na baa lililoteketeza mali yake: huyo amehalalishiwa kuomba mpaka apate cha kumsimamisha katika maisha. Tena Kurani, ilipowataja katika Sura ya Tauba wale wanane wanaostahili zaka, iliwataja wenye madeni. Na Mujahidi, aliyekuwa katika wafasiri wa mwanzo kabisa, alipofafanua ni nani hao, alimtaja miongoni mwao mtu ambaye moto umekula mali yake. Mtu huyu hakukopa kwa yeyote. Hata hivyo amehesabiwa katika safu ya wenye madeni, kana kwamba moto umemwandikia hati, na jumuiya ya waumini imeamrishwa kuilipa.

Wengi kwetu hudhani kuwa zaka haimfai jamaa wa damu, kwa hiyo huichukua wakaipeleka mbali, huku ndugu yao amelala katika chumba cha kuazima. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo tuyafuatayo pwani, hukataza kumpa zaka ya mafakiri yule ambaye matunzo yake yamekuwajibikia, nao ni wazazi na waliowazaa wao, na watoto na wajukuu. Lakini ndugu hayumo katika orodha hiyo, na akiwa muhitaji anastahili. Tena imepokewa kwamba sadaka kwa maskini ni sadaka moja, na sadaka kwa jamaa ni mbili, kwa kuwa ni sadaka na ni kuunga udugu. Aliyezielewa hukumu hizo hawezi kuingia katika nyumba ya jamaa aliyeungua akiwa amekunjua kifua. Ataingia kama aingiavyo mtu aliyechelewa kulipa.

Msaragambo, kama tuitavyo kazi ya ujima upande wa Tanga, uliitishwa baada ya boriti kuvushwa mto. Wanaume walichimba mashimo, wakasimamisha nguzo, wakapandisha mitambaapanya na mwamba, wakafunga makombamoyo kwa kamba za makumbi. Wanawake walishona makuti ya viungo chini ya mwembe. Watoto walichota maji na kukanyaga udongo, wakaokota mawe madogo ya kutomelea. Nisingeyataja haya, kwa kuwa kila mtu wa pwani ameyaona, isipokuwa kwa ajili ya jambo moja. Ada ya msaragambo ni kwamba mwenye nyumba huwalisha wanaomfanyia kazi. Ndugu yangu hakuwa na punje ya mchele wala sufuria ya kuupikia. Watu wangaliweza kuja na chakula chao, wakala, wakafanya kazi, na nyumba ingesimama vile vile. Lakini usiku wa kuamkia siku ile shangazi yetu alipitisha mchele na nazi na papa mkavu kwa mlango wa uani, bila ya taa na bila ya kumwambia mtu, akamwachia shemeji yangu. Na adhuhuri ilipofika, shemeji yangu ndiye aliyepakua, ndiye aliyewakaribisha wageni, na ndiye aliyewakemea vijana kwa kula upesi mno. Wote walijua kuwa mchele ule haukuwa wake. Wote walimshukuru kama mwenyewe.

Mtu mmoja mcha Mungu, niliyemsimulia kisa hiki, aliniuliza kama mlikuwa na udanganyifu ndani yake. Nilimjibu kuwa Kurani imeisifu sadaka ya dhahiri, kisha ikaitukuza zaidi ya siri. Na siri haikuamriwa kwa ajili ya kumkinga mtoaji na ria peke yake, bali pia kwa ajili ya uso wa mpokeaji. Mchele ukishatolewa ni wa aliyepewa. Shemeji yangu alipoupakua alipakua mali yake, na shangazi, kwa kuficha mkono wake, alikuwa amesema kweli iliyo kubwa kuliko ile ambayo angeisema kwa kujitangaza. Nyumba ikiungua, kinachoungua kwanza ni uwezo wa mtu kumkaribisha mwenziwe. Na mimi naamini kuwa huo ndio unaopasa kujengwa kwanza, hata kabla ya paa. Methali yatwambia mgeni apewe jembe siku ya tatu, lakini methali ile ilimkusudia msafiri mwenye kwao, si mtu ambaye kwao kumekuwa jivu, na mpini wa jembe lake umo ndani ya jivu hilo.

Haya yote yalikwenda vizuri mpaka siku ya kutia mlango. Binamu yetu mmoja, afanyaye kazi Tanga, ndiye aliyelipia korja zote za boriti, na kwa hakika bila ya yeye tungalikuwa tunahesabu vidole hata leo. Alitaka mlango mkubwa uelekee njia, ili nyumba ionekane. Ndugu yangu alitaka uelekee palipokuwa mlango wa zamani, upande wa mwembe, ambako mkewe alikuwa amezoea kuketi na wenziwe bila ya kupitiwa na watu. Maneno yalizidi, mpaka binamu akauliza, mbele ya mafundi na watoto, kama boriti zile ni za nani.

Mjomba wetu mkubwa alikuwa ameketi juu ya rundo la fito akikata kamba. Hakusimama. Alimwambia, "Zilikuwa zako zilipokuwa ng'ambo, mwanangu. Tangu zilipopakuliwa hapa zina mwenyewe." Kisha akaendelea kukata kamba zake, na mlango ukatiwa upande wa mwembe.

Mjomba hakusomea fikihi, lakini hukumu aliyoitoa ndiyo iliyo vitabuni: hiba ikishakabidhiwa hairejewi, ila ya mzazi kwa mwanawe, na mwenye kurudia alichokitoa amepigiwa mfano mbaya katika Hadithi. Kurudia si lazima kuwe kwa mkono. Yuko arudiaye kwa ulimi, na huko ndiko kuliko kwingi zaidi, na ndiko Kurani ilikokutaja iliposema kuwa sadaka hubatilishwa na masimango na udhia. Masimango hayamwumizi aliyepewa tu. Humnyang'anya mtoaji kile ambacho alidhani amekiweka akiba kwa Mola wake, akabaki hana mali wala hana thawabu. Nimeona nyumba nyingi nzuri zilizojengwa na jamaa kwa ajili ya jamaa, ambazo mwenye kukaa ndani yake haingizi mgeni bila ya kufikiri kama mfadhili atakasirika, haozi binti bila ya kumwuliza, wala hauzi kuku wake kwa bei aipendayo. Huyo hakujengewa nyumba. Amehamishwa kutoka katika jivu akatiwa katika milki ya mtu.

Asili ya kosa hili, nadhani, ni kusahau tulivyovipata vile tunavyovitoa. Kurani humwita mwanadamu kuwa ni mtu aliyefanywa mrithi katika mali anayoitumia, yaani ni wakili juu yake. Ilikuwa kwa wengine kabla yake, na itakuwa kwa wengine baada yake. Binamu yetu alizipata fedha zile kwa jasho, na hapana amkataliaye. Lakini afya ya kulitoa jasho hilo, na baba aliyempeleka chuoni, na usiku ule ambao upepo wa kaskazi ulivuma Bweni wala haukuvumisha moto Tanga, hakuvinunua. Kama amana ikipita mkononi mwangu kwenda kwa mwenyewe, na mimi nikaishika ncha yake moja nisiiachie, mimi si mkarimu. Mimi ni mwenye kuzuia.

Wala sisemi kwamba mtu ajiangamize kwa ajili ya nduguye. Sura ya Bani Israili imekataza mkono uliofungwa shingoni, na papo hapo ikakataza mkono ulionyooshwa hata mwenyewe akabaki akilaumiwa na kufilisika. Mwenye watoto wasiopata chakula hatakiwi kuleta boriti. Kukata kamba kama mjomba kunatosha, na kuketi kimya siku saba kama rafiki za Ayubu kunatosha pia kwa asiye na chochote.

Tena viko vitu ambavyo hakuna msaragambo unaoviweza. Wachunguzi wa Kitabu cha Ayubu wameona kwamba mali yake yote ilirudi maradufu, lakini watoto walirudi kwa hesabu ile ile ya kwanza, saba wanaume na watatu wanawake; na hata hao hawakuwa wale. Katika nyumba ya ndugu yangu ulichomeka msahafu wa babu, ambao pembeni mwake palikuwa pameandikwa kwa hati ya mkono siku za kuzaliwa kwetu sote, na zilichomeka picha za harusi. Wanawake wa jamaa walitafuta katika masanduku yao. Picha moja ikapatikana kwa shangazi, naye akaitoa, ingawa nakala nyingine hakuwa nayo. Siku za kuzaliwa tulikaa tukakumbushana, tukaziandika upya, na juu ya siku ya kuzaliwa kwa dada yetu mkubwa hatukuafikiana. Pengo lile limeachwa wazi katika karatasi, na naona ni vyema limeachwa, kuliko kulijaza kwa kubahatisha ili kazi ionekane imetimia.

Miaka kadhaa baadaye ilikuja posa ya binti wa shangazi yule yule, na jamaa tukakusanyika kwa mashauri katika nyumba ile ya Bweni, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na baraza pana. Binamu wa Tanga alitoa rai yake akitaka posa ikubaliwe. Ndugu yangu, akiwa ameegemea nguzo katika zile zilizovushwa mto kwa fedha za binamu, aliipinga rai ile mwanzo hadi mwisho, kwa hoja na kwa sauti ya mtu aliye kwake. Na binamu alikasirika, akajibu, akakasirika tena, lakini hakuzitaja boriti. Shauri lililopita lilikuwa la ndugu yangu. Baada ya hapo shemeji yangu alileta kahawa, na wa kwanza kupewa kikombe alikuwa binamu.